Kazi iko Shanwe, mbunifu yuko Dar es Salaam

Mwaka 2012, mwaka uleule Katavi ilipokatwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa, sensa iliwahesabu watu 564,604. Miaka kumi baadaye walikuwa 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine Tanzania uliokua kwa kasi hiyo ya asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati wastani wa taifa ulikuwa 3.2. Manispaa ya Mpanda peke yake ilitoka kwenye laki moja na ushee ikavuka laki mbili. Watu hao hawakuja na nyumba mgongoni kama konokono. Wamejenga, na bado wanajenga.

Ukitoka katikati ya mji kwenda kata za pembezoni, Shanwe ikiwa mojawapo, ujenzi huo unauona katika hatua zake zote kwa wakati mmoja: msingi ulioota majani, boma linalosubiri bati, nyumba iliyoezekwa ambayo madirisha yake yamezibwa kwa tofali kavu hadi hela ya grili ipatikane, kisha ile iliyokwisha, yenye rangi na uzio. Ukijumlisha pesa iliyozikwa katika kuta hizo, sidhani kama kuna jengo moja la serikali mkoani linaloifikia. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo haikupita mezani kwa mbunifu majengo aliyesajiliwa.

Kwa hiyo mtu akiuliza kuna habari gani na fursa gani kwa wabunifu majengo wa Mpanda na Katavi, jibu la haraka ni orodha ya zabuni. Orodha hiyo ipo, nitaifikia. Ila naona swali limeanzia upande usio sahihi. Kazi ya ubunifu Katavi si haba. Tatizo ni kwamba iko katika umbo ambalo taaluma yenyewe haijajifunza kulilipisha.

Tuanze na jengo la umma, kwa kuwa ndilo linaloonekana. Katika miaka ya karibuni Tanzania imejenga madarasa na vituo vya afya kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Mwaka 2021 pekee, kutoka kwenye mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na UVIKO-19, mpango wa shilingi trilioni 1.3 ulitoa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Utaratibu uliotumika sana ni force akaunti: pesa inaingia kwenye akaunti ya shule, kamati inaundwa, mafundi wa hapohapo wanapewa kazi, mhandisi wa halmashauri anasimamia, na ramani inatoka TAMISEMI ikiwa imekwisha chorwa.

Wabunifu wengi huusema vibaya utaratibu huu, nami siungani nao moja kwa moja. Umepunguza gharama, umebakiza pesa mikononi mwa mafundi wa hapohapo, na umefikisha darasa mahali ambapo mkandarasi wa daraja la juu asingekanyaga. Kama tungesubiri kila shule ipate mbunifu wake, watoto wangeendelea kukaa chini ya mwembe. Kosa liko kwingine. Ramani ni moja, viwanja si kimoja.

Chukua darasa la kawaida la ramani hiyo: chumba kirefu, madirisha pande mbili ndefu, bati juu. Mpanda iko takribani nyuzi sita kusini ya Ikweta. Jua la mchana linapita karibu na utosi, na bati lenye kingo za kutosha linalizuia. Jua linaloumiza ni la asubuhi na la alasiri, linalokuja limelala. Jengo likilazwa mashariki kwenda magharibi, kuta fupi zisizo na madirisha ndizo zinazolipokea. Likilazwa kaskazini kwenda kusini kwa sababu ndivyo kiwanja kilivyoelekea au ndivyo fundi alivyoanza kupima, jua la saa tisa linaingia moja kwa moja hadi kwenye madawati. Miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, katika darasa la namna hiyo watoto hukaa wamebanana upande mmoja. Halafu Novemba mvua zinafika, na bati lisilo na dari linapiga kelele kiasi kwamba mwalimu anaacha kufundisha na kuandika ubaoni tu. Maji yanayoshuka kwenye bati hilo hayakingwi, yanachimba msingi.

Ukiacha dari, sehemu kubwa ya hayo haihitaji ramani mpya wala kuongeza sana bajeti. Inahitaji mtu afike kiwanjani siku moja kabla ya kamba kufungwa, aseme jengo lilale hivi, mfereji upite hapa, tangi likae kona ile, na choo kisiwe upande upepo unakotokea. Ni kazi ya mbunifu majengo na inamalizika kwa siku moja. Lakini hakuna fungu lake katika mchanganuo wa pesa zinazotumwa, na sijasikia kampuni iliyowahi kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri na bei ya kazi hiyo: viwanja kumi kwa mwaka, ripoti ya kurasa mbili kwa kila kimoja. Katavi ina halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Kwangu mimi hiyo ni fursa iliyo karibu zaidi kuliko zabuni yoyote kubwa.

Upande wa nyumba za watu binafsi hesabu ni ngumu zaidi, na hapa ndipo taaluma inapojidanganya. Ada ya mbunifu imezoeleka kuwa asilimia ya gharama ya ujenzi, na hilo linafaa pale mteja anapojua gharama yote na kuwa nayo. Mwenye kiwanja Shanwe hana gharama yote. Anauza mpunga, anajenga msingi. Mwaka unaofuata anauza tena, ananyanyua ukuta. Mwaka wa tatu mtoto anaingia sekondari, ujenzi unasimama. Ukimwendea mtu huyu na asilimia, hakuelewi, naye ana haki ya kutokukuelewa.

Anayemwelewa ni fundi. Mazungumzo yao ni mafupi. "Fundi, nataka vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko na stoo." "Sawa bosi, nitakutolea ramani." Ramani inatolewa, mara nyingi ni ile aliyojengea jirani, imegeuzwa mlango. Fundi mwenyewe habebi lawama yote: kozi zinanyooka, kona ziko sawa, kenchi haziyumbi. Asichopewa na mtu yeyote ni sababu ya vitu. Kwa nini dirisha hili na lile yatazamane ili hewa ipite. Kwa nini matundu ya juu ya lenta yasizibwe kisa dari ya jipsamu inapendeza. Kwa nini lenta izunguke nyumba nzima na nondo zake zifungwe kwenye kona, badala ya kuwekwa juu ya milango na madirisha tu ili kuokoa mifuko ya saruji.

Hilo la lenta si la mapambo. Katavi na Rukwa ziko juu ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko linalokadiriwa kuwa la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika Mashariki. Enzi hizo nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi, ambazo hunesa, na zikianguka haziui sana. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika nalo lilitoa la 6.8. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016 lilikuwa dogo kuliko hayo, la 5.9, lakini liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba za tofali zilizojengwa bila kufungwa. Mji ambao ndani ya kizazi kimoja umehama kutoka fito kwenda tofali umepata nyumba ya kudumu na, pamoja nayo, hatari mpya. Kuijua hatari hiyo na kuipunguza kwa nondo nne zilizokunjwa vizuri kwenye kona ni utaalamu wa kuuzwa kwa bei ndogo kwa watu wengi.

Na Mpanda sasa inaanza kupanda ghorofa. Ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam liliua watu 36 Machi 2013. La Kariakoo, Novemba 2024, liliua wengine wengi huku watu wakichimba chini ya jengo lililokuwa likitumika. Kila mara baada ya msiba tunaulizana bango la mradi lilikuwa wapi, jina la mbunifu, la mkadiriaji majenzi na la mkandarasi. Sheria Na. 4 ya 2010, iliyounda upya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, iko wazi kuhusu nani anaruhusiwa kuitwa mbunifu majengo na kutoa huduma hiyo. Wakaguzi wa Bodi hufika mikoani, lakini hawawezi kuwa kila mtaa. Kibali cha ujenzi nacho, kwa raia wa kawaida, ni gharama na foleni, na ushauri hauji nacho. Mtu analipa, anagongewa mhuri, anarudi kwa fundi wake.

Wizara ya Ardhi imewahi kuendesha kliniki za ardhi: maofisa wanaweka meza na viti mahali pa wazi, wananchi wanakuja na karatasi zao za viwanja, migogoro na hati zinashughulikiwa palepale. Sioni kwa nini pasiwe na meza moja zaidi ya mbunifu majengo. Mwenye kiwanja anakuja na vipimo na picha ya simu, anaondoka na mchoro wa namna ya kuilaza nyumba na orodha ya mambo matano ya kumwambia fundi. Halmashauri ikiweka kiasi kidogo cha pesa ya kibali kulipia siku hizo, mbunifu ana mshahara, na mji una nyumba zinazopumua. Malaria nayo imo humo. Mkoani Mtwara, watafiti walijenga nyumba 110 za mfano zilizopewa jina la Star Home, zenye vyumba vya kulala juu, kuta zinazopitisha hewa na nyavu, na wakagundua watoto wanaoishi humo waliugua malaria mara chache kuliko wenzao wa nyumba za kawaida. Mikoa ya magharibi iko miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini. Sisemi Shanwe ijenge nyumba zile, ni ghali. Ila wazo la kuruhusu upepo upite halina gharama kubwa.

Sasa tofali. Mpanda imejengwa kwa tofali za kuchoma, na mwenye kutaka kuuelewa ujenzi wa huku asimame kwanza karibu na tanuri. Tofali mbichi zilizokauka juani hupangwa zenyewe kuwa tanuri, midomo ya moto ikiachwa chini, kisha upande wa nje unasiribwa kwa udongo ili joto lisitoroke. Magogo yanasukumwa midomoni, moto unakokwa mchana na usiku. Likifunguliwa, tofali za katikati ukizigonga zinalia, za pembeni zimeiva nusu, na za nje kabisa ni udongo uliobabuka. Zote zinauzwa. Zile za nje huishia kwenye choo au jiko, au kwenye ukuta wa mteja asiyejua kugonga.

Magogo hayo yanatoka kwenye miombo, msitu uleule unaokatwa kwa ajili ya mashamba na kukaushia tumbaku. Na hapa Katavi ina kisa ambacho mikoa mingi haina. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyozunguka misitu ya Ntakata, Mwese na Katuma vikiwamo, vinauza hewa ya ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania na vimepokea mabilioni ya shilingi kwa kuuacha msitu usimame. Pesa hizo zimekwenda kwenye madarasa, zahanati na ofisi za vijiji. Kwa lugha ya taaluma, hao ni wateja: wana pesa, wana mahitaji, wana mkutano mkuu wa kijiji unaoamua, na pesa yao haijaja na masharti ya mfadhili kuhusu umbo la jengo. Mbunifu mmoja mwenye akili angekuwa ameshahamia huko.

Angefika na swali moja. Je, zahanati inayojengwa kwa pesa ya mti uliobaki inajengwa kwa tofali lililochomwa kwa mti uliokatwa? Swali hilo kijiji kinalielewa mara moja, kwani kinajua bei ya mti ukiwa umesimama. Jibu lipo na si geni. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulihangaika miaka mingi kusambaza tofali za kufungamana: udongo, saruji kidogo, mashine ya mkono, hakuna moto. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alijenga shule ya kijijini kwake mwaka 2001 kwa tofali za udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo, akainua bati juu ya dari ili hewa moto itoke kati yake. Shule hiyo ilimpa Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker. Wanakijiji walifyatua na kujenga wenyewe. Gando ina joto kuliko Mpanda na haina utajiri kuliko Mwese.

Kikwazo cha tofali hilo Katavi, kwa maoni yangu, ni heshima. Tofali la kuchoma ni jekundu, linaonyesha mtu amejenga. Tofali la udongo usiochomwa linamkumbusha mtu nyumba ya bibi. Mashine haitalitatua hilo. Litatatuliwa na jengo moja zuri la umma, lililonyooka kona, ambalo mwenye duka akilipita atasema anataka kama lile.

Tufike kwenye zile zabuni. Barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga imekamilika, saruji na nondo hazisubiri tena kiangazi. Kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, bandari mpya imejengwa kwa kutazama soko la Kongo, na palipo na bandari patahitajika maghala, nyumba za wageni na ofisi za forodha. Chuo Kikuu cha Sokoine kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, na mradi wa HEET wa Benki ya Dunia, wa dola milioni 425, unajenga vyuo nchi nzima. Mpanda ilikuwa kati ya miji 18 ya mradi wa awali wa kuimarisha miji, ULGSP, na sasa imo kati ya miji 45 ya TACTIC, mradi wa barabara, masoko, stendi na mifereji. Zabuni zote za umma zinapita kwenye mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, NeST, na sheria ya ununuzi ya 2023 pamoja na kanuni zake imepanua upendeleo kwa wazawa. Kazi za ujenzi hadi shilingi bilioni 50 ni za kampuni za Kitanzania.

Habari njema hizo, lakini neno "wazawa" humo maana yake ni Watanzania. Watu wa Katavi hawatajwi peke yao. Kampuni ya ubunifu iliyoko Dar es Salaam yenye hesabu zilizokaguliwa na orodha ya miradi kumi iliyokamilika itaishinda ofisi ya mtu mmoja Mpanda kila mara, na haki yake. Ushindani wa namna hiyo mdogo asiuanze. Kilicho mkononi mwake ni ukaribu. Kampuni kubwa ikishinda mradi wa Karema, inahitaji mtu wa kwenda eneo la kazi kila wiki, anayejua mvua huanza lini, mchanga unatoka wapi na fundi yupi hawezi kusoma mchoro. Ushirika wa aina hiyo unampa mdogo jina kwenye bango, na bango ndilo litakalohesabiwa kwenye zabuni ijayo.

Karema yenyewe ina kazi nyingine ambayo sijasikia mtu akiigombania. Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika walijenga kituo chao hapo mwaka 1879 na kukikabidhi kwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885. Misheni ikakua ndani ya ngome. Hapo ndipo Adrien Atiman, aliyekuwa mtumwa utotoni, alipotibu watu tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Majengo ya umri huo, ya mawe na udongo, yakipigwa plasta ya saruji yanaoza ndani kwa ndani, maana unyevu unakosa pa kutokea. Kuyapima, kuyachora na kuandika namna ya kuyatunza ni kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Chuo Kikuu Ardhi au wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na inaweza kuanza kabla magari ya bandari hayajazoea njia.

Mwanafunzi huyo ndiye tegemeo langu kuliko kampuni yoyote, na njia yake ina kokoto. Akihitimu hawezi kufungua ofisi Mpanda kesho yake. Sheria inamtaka afanye kazi chini ya aliyesajiliwa na kupita mitihani ya Bodi, sharti ambalo silipingi, kwani nimeshataja vifo vya kutosha. Lakini waliosajiliwa wamejazana Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza. Kijana wa Shanwe anayetaka kujifunza kwa kujenga Shanwe analazimika kwanza kuhamia mjini kuchora maghorofa ya watu wengine, na akishapata usajili amepanga nyumba, ameoa, harudi tena. Bodi ingeweza kukubali usimamizi wa mbali kwa utaratibu unaopimika: michoro inatumwa, msimamizi anafika kiwanjani mara kadhaa kwa mwaka, daftari la kazi linasainiwa, na mhandisi wa halmashauri anathibitisha kijana alikuwepo. Chama cha taaluma nacho kingetafuta wazee watatu au wanne walio tayari kusimamia vijana wa Katavi, Rukwa na Kigoma kwa pamoja, na kampuni zinazoshinda miradi ya HEET na TACTIC zikaombwa kumbeba kijana mmoja wa mkoa husika katika kila mkataba. Gharama yake ni mshahara wa mtu mmoja, na nafasi ya kuuingiza ni kabla ya bei ya zabuni kutumwa.